Kumbukumbu na Uzee: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Tanga

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, mingi yake hapa Tanga, na tangu nistaafu watu hawajaacha kunisimamisha njiani. Wananikuta barazani Ngamiani, nje ya msikiti, sokoni, na swali ni lilelile limevaa nguo tofauti: mzee wetu anasahau, ni uzee au kuna jambo? Nilianza kuyaandika kwenye daftari. Haya ndiyo yanayorudi zaidi, na majibu ninayoyatoa. Moja litakurudia mara nyingi humu, kwa sababu ndilo ninalotamani kila familia ilijue: kwa wazee wengi, yaliyokwisha kuhifadhiwa hayajapotea. Kinacholegea ni namna jambo jipya linavyoingia na kushika.

Babu anasimulia Coastal Union walivyochukua ubingwa mwaka 1988, lakini hajui kama amekunywa dawa asubuhi. Anatufanyia makusudi?

Hafanyi makusudi. Ubingwa ule uliingia na kelele, furaha na watu waliojaa barabarani, tena babu akiwa kijana. Mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi hubaki kwa wingi zaidi kuliko ya vipindi vingine vya maisha. Hilo limeonekana kwa watu wa mataifa mengi. Halafu kaisimulia barazani mara ngapi? Kila anapoisimulia, anaikaza upya.

Kidonge cha leo hakina bahati hiyo. Kinafanana na cha jana na cha juzi, na kimemezwa huku mtu akiwaza mengine. Hata wewe mwenye miaka 30 ukiulizwa kama umefunga mlango, unarudi kuutazama. Msitegemee kichwa cha babu kwa jambo la namna hii. Wekeni dawa kwenye kisanduku chenye vyumba saba, chumba kwa kila siku, na kiwe mezani pale pale anaponywea chai. Chumba kikiwa kitupu, amekunywa.

Kwani jambo linakuwaje kumbukumbu ya kudumu?

Aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge atanielewa upesi. Jani likishakatwa halisubiri. Lisipofikishwa mapema korona, ile mashine ya kukwangua majani, linaharibika. Korona inatoa singa, yaani nyuzi za mkonge, lakini singa mbichi hufungi robota ukaipeleka bandarini. Lazima ianikwe kwanza, ikauke, ipigwe brashi.

Ubongo nao una hatua. Unachokiona na kukisikia kwanza lazima ukizingatie, la sivyo ndani ya sekunde chache kimekwenda. Ukikizingatia, kinashughulikiwa na sehemu iliyo ndani ya ubongo, usawa wa masikio, moja kila upande, inayoitwa hipokampasi. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake farasi wa baharini, yule samaki mdogo aliyejikunja mkia, kwa sababu umbo lake linafanana naye. Hipokampasi inaunganisha vipande vya tukio: sura, sauti, mahali, saa, harufu. Kisha kwa siku, miezi, hata miaka, kumbukumbu inakomaa polepole katika gamba la juu la ubongo.

Tumelijua hili kwa gharama ya mtu mmoja. Mwaka 1953, mjini Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa kikali, akamwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Mtafiti Brenda Milner alimchunguza kwa miaka mingi, na kila alipofika ilikuwa kama wanaonana mara ya kwanza. Utoto wake, hata hivyo, aliukumbuka. Kila nikimweleza mtu habari hii, naona anaanza kumtazama mama yake kwa jicho jingine: ya kale yanaweza kuwa mazima huku mapya hayashiki, wala si ukaidi.

Kwa undani zaidi, kumbukumbu ya muda mfupi huimarisha kwa kitambo viungo vilivyopo tayari kati ya seli za neva, viungo vinavyoitwa sinapsi. Ya kudumu inadai zaidi: seli lazima iwashe jeni zake, itengeneze protini mpya, na ioteshe viungo vipya. Eric Kandel aliyafuatilia hayo kwa kumchunguza konokono wa baharini, na mwaka 2000 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Uzee unaharibu nini hasa?

Wengi wanadhani seli za ubongo zinakufa kwa maelfu kila siku. Katika uzee wa kawaida, usio na ugonjwa, seli nyingi zinabaki. Kinachopungua ni sinapsi na wepesi wake wa kubadilika, na hapo ndipo jambo jipya linapopaswa kushika. Hipokampasi yenyewe husinyaa. Kwa wazee wasio na dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na akili, hupungua kwa asilimia 1 hadi 2 hivi kila mwaka.

Sehemu ya mbele ya ubongo nayo hulegea. Hiyo ndiyo inayochagua lipi lizingatiwe na lipi lipuuzwe. Kijana anaweza kuongea na wewe huku redio inalia, watoto wanagombana na jirani anapiga hodi, na bado akayashika maneno yako. Kwa bibi yote yanaingia kwa pamoja. Kemikali iitwayo dopamini, inayouambia ubongo kwamba jambo hili lina maana, hupungua nguvu. Na mwendo wa kuchakata mambo huwa wa taratibu, kwa hiyo ukimwagia sentensi tano mfululizo, ya tatu na ya nne zinapita kabla hajaishughulikia ya kwanza.

Mzee mwingine mtampa muda, mtazima redio, mtamwambia jambo moja, na kesho analo. Nimeliona mara nyingi mno kulinyamazia.

Inaanzia umri gani?

Kasi ya kufikiri huanza kupungua mapema, tangu utu uzima wa mwanzo, ila hatuioni. Uwezo wa kukumbuka matukio mapya kwa wastani hushuka waziwazi kuanzia miaka 60 hivi. Wastani lakini. Nina jirani wa miaka 84 anayejua nani anadaiwa na nani mtaa mzima.

Nakumbuka habari lakini sikumbuki nani kaniambia. Sura naijua, jina limepotea. Ndiyo mwanzo wa ugonjwa?

Peke yake, si dalili ya ugonjwa. Uzee hugusa zaidi kamba inayofunga vitu viwili kuliko vitu vyenyewe. Sura ipo, jina lipo, fundo kati yao ndilo lililolegea. Ndiyo maana jina linakujia usiku umelala, bila kulitafuta.

Hapa pana hatari moja ya kweli, nayo ni matapeli. Mzee akisikia jambo la uongo mara tatu, baadaye anabaki na ile hali ya kulizoea tu, amesahau lilikotoka, na mazoea hayo yanafanana sana na ukweli. Wanaopiga simu kudai pesa zimetumwa kimakosa wanafaidika na udhaifu huu. Mwambieni mapema, na kwa heshima: asitume pesa yoyote kabla ya kumpigia mtoto wake mmoja, aliyekubalika.

Kuna kumbukumbu ambazo uzee hauzigusi?

Zipo, na ndizo zinazonipa moyo. Maana za maneno, mafumbo, misemo na elimu ya maisha hubaki, na kwa wengi huendelea kuongezeka hadi uzeeni. Ujuzi wa mikono nao hukaa: bibi anayesuka ukili huku macho yako barabarani, mzee wa Pangani anayefunga fundo la nyavu gizani, fundi baiskeli wa Ngamiani anayejua kwa sauti tu kwamba gololi zimekwisha. Kazi hizo zina njia nyingine ndani ya ubongo. Hata Molaison, aliyeshindwa kuhifadhi tukio lolote, alijifunza kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku alikuwa bora kuliko jana, na kila siku aliamini hajawahi kuifanya kazi ile.

Na Qur'ani iliyohifadhiwa utotoni. Nimemuuguza mzee aliyekuwa hawajui tena wanawe, lakini mjukuu akianza sura, yeye huimalizia.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtu wa miaka 68 anaweza kweli kujifunza kitu kipya?

Methali hiyo naiheshimu katika malezi. Katika ubongo haina nguvu hiyo. Nimewaona akina mama wa zaidi ya miaka 60 wakianza kusoma Kiarabu kwenye madrasa za watu wazima, na wanafika. Wanachelewa kuliko watoto, basi.

Cha kubadilisha ni namna ya kujifunza. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, na akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha taratibu, na kwamba marudio yaliyoachanishwa siku kadhaa yana faida kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kwa hiyo dakika 15 leo, 15 keshokutwa, 15 wiki ijayo. La pili: usisikilize tu tena na tena. Funga kitabu, jiulize, jaribu kulitoa jambo kichwani hata ukikosea. Kule kulitafuta ndiko kunakolikaza. La tatu: lifunge jipya kwenye la kale. Mwalimu aitwaye Mwanaidi mfananishe na shangazi yako Mwanaidi wa Muheza.

Kisha tembea. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wazee 120. Nusu yao walifundishwa kutembea kwa mwendo wa haraka hadi dakika 40, mara tatu kwa wiki, na nusu wakafanya mazoezi ya kujinyoosha. Baada ya mwaka, hipokampasi ya watembeaji ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2 hivi, wakati ya wenzao imepungua. Kwetu hapa, kutoka Ngamiani hadi Raskazone na upepo wa bahari usoni, alfajiri kabla ya jua kuchoma, panatosha kabisa. Mwenye magoti mabaya au moyo mchovu aulize kwanza kituo cha afya.

Usingizi unahusikaje?

Rudi kwenye singa. Usingizi mzito ndio uwanja wa kuanikia. Katika usingizi huo hipokampasi inarudia yaliyopita mchana. Imeonekana kwa panya wa maabara, ambao seli zao zikiwa usingizini zilirudia njia walizopita mchana. Kwa wanadamu, usingizi ule wa mawimbi mazito hupungua tangu umri wa makamo, na mzee anaamka mara nyingi, kwenda haja ndogo au kwa maumivu ya viungo. Singa inafungwa ikiwa bado mbichi.

Anayekoroma sana kisha akakatika pumzi na kushtuka, mpelekeni akapimwe. Ubongo wake unapungukiwa oksijeni mara kwa mara usiku. Na tafadhali msimpe diazepamu ya kuomba kwa jirani. Inamlaza, lakini inazuia jambo jipya kushika, na inamwangusha akiamka gizani.

Nitajuaje kama ni uzee wa kawaida au ni dimenshia?

Mimi huwauliza watu mambo matatu. Kwanza, ukimdokezea, linarudi? Mwenye uzee wa kawaida ukimwambia "ile harusi ya Chumbageni iliyonyeshewa mvua" anacheka na kuongezea mengine. Mwenye ugonjwa, mara nyingi harusi yenyewe haimo, haikuingia. Pili, kazi za kila siku zinaharibika? Kusahau chumvi si kitu. Bibi aliyepika vibibi miaka 50 akisimama mbele ya jiko hajui kinachofuata, hilo ni kubwa. Vivyo hivyo kupotea njia ya msikiti wa kila siku. Tatu, kuna mabadiliko ukilinganisha na mwaka jana? Msimlinganishe na mwenziwe. Mlinganisheni na yeye mwenyewe.

Alzeima, aina ya dimenshia iliyo ya kawaida zaidi, hugusa mapema mlango wenyewe wa kuingilia hipokampasi. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906 na daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani, aliyekuta katika ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki mabaki ya protini yaliyoganda nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Huo ni ugonjwa, si uzee uliozidi. Na upo hapa nchini: uchunguzi uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wana dimenshia. Ukigeuza upande wa pili, wazee zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuwa nayo.

Wengine wanaogopa kwamba mama hakusoma, atafeli kipimo. Kipo kipimo kilichotengenezwa hapahapa Tanzania kwa ajili ya watu kama yeye. Hakidai kalamu. Anaambiwa maneno 10 na kuulizwa tena baadaye, anataja wanyama kadiri awezavyo ndani ya dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano, anaeleza daraja ni nini.

Mama alikuwa mzima Ijumaa. Jumapili anaongea ovyo, mara amesinzia mara amechachamaa.

Acha kusoma, mpeleke hospitali. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee si dimenshia wala si uzee. Ni malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji katika joto hili la Februari, sukari iliyoshuka, kiharusi, au dawa. Mengi ya hayo yanatibika, lakini hayangoji kesho.

Majirani wanasema ana jini, wengine wanasema yeye ndiye mchawi, kwa sababu anaficha vitu na kusema wajukuu wamemwibia.

Hili huniumiza kuliko yote, na nitalisema bila kuzunguka. Mtu ambaye jambo jipya halishiki anaweka pesa chini ya godoro, na dakika kumi baadaye tendo lile halimo kichwani mwake. Pesa hazipo alipozoea kuziona. Ubongo unatafuta maelezo, na maelezo ya karibu ni kwamba kaibiwa. Hamsingizii mtu kwa chuki. Wanawake wazee wameuawa katika nchi hii kwa tuhuma za uchawi, na naamini miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wagonjwa tu. Dua haina ubaya, msomeeni. Lakini wiki hiyohiyo apelekwe kwa daktari, na yule jirani mwenye maneno aelezwe, tena na mtu mzima wa familia, ana kwa ana.

Masikio yana uhusiano gani na kumbukumbu?

Mkubwa. Mama yangu mzazi alipokuwa na miaka 76 alianza "kusahau". Nilimwambia gari litamfuata saa kumi, akajiandaa saa kumi na moja. Nilimwambia aje na leso, akaja na besheni. Kwa miezi kama sita nilikuwa namgombeza, mimi muuguzi, na yeye akawa ananyamaza, kisha akaacha kuja barazani. Siku moja kijana mmoja wa zahanati akammulika masikio: nta ilikuwa imeziba kote kuwili. Alipoyasafisha, mama akanigeukia akaniuliza kwa upole kwa nini napiga kelele. Sijausahau uso wake.

Neno ambalo halikusikika haliwezi kukumbukwa. Hata bila nta, uzee hupunguza kwanza sauti nyembamba, zile za s, f, sh na t, na ubongo unatumia nguvu nyingi kubahatisha, inabaki kidogo ya kuhifadhi. Anzeni na masikio, kisha macho, kabla ya kuulaumu ubongo.

Kuna dawa zinazoleta usahaulifu?

Zipo. Dawa za mafua na mzio zinazosinzisha, kama Piriton, zikinywewa kila siku. Dawa za usingizi. Baadhi ya dawa za kibofu na za magonjwa ya akili. Metformini ya sukari, ikitumika miaka mingi, inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta usahaulifu unaotibika. Msimwachishe mzee dawa kwa sababu mmesoma hapa. Zibebeni zote kwenye mfuko, za hospitali, za dukani na za mitishamba, mkamwonyeshe daktari.

Na vile vidonge vya kuongeza kumbukumbu vinavyouzwa mitandaoni?

Kwa mtu asiye na upungufu wa vitamini, hakuna kidonge kilichothibitishwa kurudisha kumbukumbu ya uzee. Pesa hiyo nunua viatu vya kutembelea.

Presha na sukari vinafikaje kwenye kichwa?

Kwa mishipa midogo ya damu. Presha iliyoachwa miaka 20 inaikakamaza na kuitoboa, sukari inaiziba, na ubongo unakosa chakula kidogokidogo bila mtu kuanguka hata siku moja. Hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoumia upesi kwa kukosa oksijeni. Mwaka 2024, jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana nayo. Humo mna presha, sukari, lehemu, masikio, macho, sigara, pombe kupita kiasi, upweke, sonona, kukosa elimu utotoni, kutotembea, unene, kuumia kichwa na hewa chafu. Linalonisumbua ni kwamba mengi ya hayo hujengeka mtu akiwa na miaka 40 au 50, anaendesha bodaboda bila kofia na kusema presha ni ya wazee.

Nizungumze naye vipi?

Kaa mbele yake akuone mdomo. Mwamkie kwanza, shikamoo ikae, aitike marahaba. Hapo umemvuta kwako kabla ya habari yenyewe. Sema jambo moja. Nyamaza. Mwombe alirudie kwa maneno yake, kama anayekuagiza wewe. Baadaye kidogo lilete tena kwa njia nyingine.

Acha kumuuliza "unanikumbuka mimi nani?" mbele ya wageni. Ni mtihani, na akishindwa anaaibika. Sema: "Shikamoo bibi, ni mimi Rehema, wa Zuhura, wa barabara ya kumi na tano." Umempa kamba tatu za kushika. Akiuliza jambo lilelile mara ya sita, mjibu kama mara ya kwanza, kwa kuwa kwake ndiyo ya kwanza. Na msimwondoe kwenye mazungumzo ya nyumba kwa kudhani mnampumzisha. Bao, dhumna, kuchambua mchele, kuulizwa nasaba ya mchumba, vyote viendelee.

Nikimpeleka kituoni niende na nini?

Mfuko wa dawa zote, kadi ya kliniki ya presha au sukari, na karatasi yenye tarehe: lini mligundua, nini kilibadilika kwanza, kilikuja ghafla au taratibu, aliwahi kuanguka au kuumia kichwa. Aende na mtu anayelala naye nyumba moja, si mtoto aliyekuja jana kutoka Dar es Salaam. Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wapime presha, sukari, malaria, damu na masikio, kisha wawaandikie rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa wetu, ikihitajika. Mkiambiwa "uzee tu" bila kipimo hata kimoja, ulizeni kwa adabu: mmetazama masikio?